Viatu vya Breki vya Pijo Nyeupe

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Wenye kujua kusimulia walialikwa, hawakuja, nikabaki mimi. Mkichoka kohoeni, nitajifanya sisikii.

Palikuwa na watu watatu kule Lushoto. Sikudhani, muuza spea, alikuwa na kucha: akikikwaruza kipuri mara moja, anakwambia ni halisi au cha bandia. Ramia, fundi, alikuwa na masikio: breki ikinong'ona tu, yeye amesikia matusi. Na Shekiondo, dereva, alikuwa na utulivu: hata siku aliyooa yeye mwenyewe, nusura asinzie.

Mzee Kipingu alikuwa na Pijo nyeupe, gari kongwe kuliko watoto wake wote. Binti yake Mwanahawa alikuwa anaolewa Mombo, chini ya mlima, na katika ukoo wao gari la bibi harusi likishaondoka halisimami njiani. Likisimama, ndoa nayo itakwama. Mzee akatangaza mbele ya ndugu kwamba atakayemfikisha binti yake salama, Pijo ni yake.

Lakini breki zilikuwa zimekwisha. Shemeji yake Mzee akaleta zawadi ya harusi: vile vyuma vinavyobana gurudumu, mafundi huviita viatu, vya magurudumu yote manne, ndani ya boksi la rangi ya dhahabu. Sikudhani akakwaruza kimoja, ukucha ukatoka na unga.

"Mzee, hizi ni biskuti," akasema.

Akaizunguka Tanga siku tatu, dukani hadi gereji, akapata viatu halisi vya magurudumu ya mbele tu. Nyuma vikafungwa vile vya boksi, shemeji asije akanuna.

Ramia naye akakanyaga pedali, akainamisha sikio. Wote walisema breki ziko sawa. Yeye akasikia mzomeo mdogo, akafungua, akakuta mpira unaozuia oili ya breki umechanika. Akaweka mpya.

Asubuhi ya harusi wakaanza kushuka, Shekiondo kwenye usukani, Mzee na binti yake nyuma. Kona ya tatu, Mzee akanusa kitu kinaungua. Akageuka: moshi mweusi wa magurudumu ya nyuma unawafuata. Kushoto ukuta wa mawe, kulia hakuna kitu, vilele tu vya miti, mbali chini. Mzee akaking'ang'ania kiti cha mbele. Akataka kusema simama, ulimi ukakumbuka ukoo, ukagoma.

"Baba," Mwanahawa akanong'ona, vidole vyenye hina vimemkaba mkono, "tunakwenda kasi."

"Hatusimami," akajibu, na sauti ile hakuitambua kama ni yake.

Shekiondo hakugeuka. Akashusha gia kutoka tatu hadi mbili, mbili hadi moja. Injini ikalia kama ng'ombe mgonjwa, mguu wake ukakaa mbali na breki ili zile za mbele zisichemke. Kona baada ya kona, Mzee akihesabu dhambi zake, na zilikuwa bado hazijaisha walipofika kona ya mwisho. Lori la kabichi lilikuwa limekufa katikati ya barabara.

Hapo ndipo Shekiondo akakanyaga. Nyuma hakukuwa na breki tena. Mpira wa Ramia ukashikilia, viatu vya Sikudhani vikauma, Pijo ikayumba, ikapiga yowe, ikasimama. Kabichi moja ikadondoka kutoka kwenye lori, ikatua kwenye boneti.

Gari la bibi harusi limesimama njiani, na Mzee hakutaja ukoo. Alikuwa analia.

Lori liliposogezwa wakafika Mombo, na huko harusini wote watatu wakamzunguka Mzee, kila mmoja akiidai Pijo. Sikudhani akasema bila viatu vyake, utulivu wa Shekiondo ungefika mochwari kwanza. Ramia akauliza, bila mpira wake, viatu vingebanwa na nini, dua? Shekiondo akasema tu kwamba vyote hivyo vingeungua kabla ya kona ya tano. Mzee akabaki na ufunguo mkononi.

Je, wewe ungempa nani?

Ukishaamua, mwamulie na yule shemeji wa boksi la dhahabu. Ila mhukumu polepole, maana ndiye anayekusimulia tangu mwanzo, na hadithi hii nimeichagua kama nilivyovichagua vile viatu, kwa uzuri wa boksi.