Orodha Iliyotoka Tupu

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, fundi wa programu za kompyuta. Kanisa lake lilikuwa limejenga vyumba sita kwa ajili ya wazee wasio na makao. Rangi imekauka, vitanda vimetandikwa. Baraza likamwomba aandike programu ya kuchambua majina ya wazee arobaini walioomba. Alifurahi kweli, maana siku zote kanisani walimwita kurekebisha spika tu.

Baraza likampa masharti. Awe ametimiza miaka sabini, NA hana nyumba, NA hana mtoto wa kumtunza, NA hajawahi kukosa ibada, NA hajawahi kugombana na mtu. Mama akaandika yote, akabonyeza. Kompyuta ikajibu: Hakuna.

"Mashine yako mbovu, mama," akasema mwenyekiti.

"Si mbovu, Mzee, ni tiifu. Ukiunganisha kwa NA, mtu akikosa sharti moja tu, inamtoa."

"Basi tia AU."

Akatia. Sasa sharti moja tu likatosha kumpitisha mtu: yakatoka majina yote arobaini, pamoja na la bwana mmoja mwenye nyumba mbili za kupangisha. Baraza likacheka hadi machozi. Mama naye alicheka, ila moyo wake ulikuwa kwa bibi mmoja wa mtaani kwake, aliyelala jikoni kwa jirani.

"Mzee, niruhusu nijaribu kitu."

Akaandika majina ya wajumbe wote, na lake mwenyewe, akimwuliza kila mmoja ukweli wake juu ya ibada na ugomvi. Akayapima kwa yale masharti mawili ya mwisho, yakiunganishwa kwa NA. Kompyuta ikajibu: Hakuna.

Mwenyekiti akakohoa. "Hayo mawili yafute, mwanangu."

Akafuta, akarudisha NA kwa yale matatu yaliyobaki, akawarudia wale arobaini. Yakatoka majina matano, la kwanza la yule bibi. Chumba cha sita kikaachwa wazi, kwa atakayekuja.

Je, sisi? Jirani tunampima kwa NA: awe mpole, na mkarimu, na asiwahi kutuudhi hata siku moja. Lakini sisi wenyewe tunajipima kwa AU: nilisali, au niliimba kwaya, basi yatosha. Nyani haoni kundule.

Mungu naye angetupima kwa NA zetu hizi, unadhani orodha yake ingesomekaje? Ingekuwa tupu, ndugu zangu. Hata jina la huyu anayewahubiria lisingekuwemo.