Ngiri Aliyechimba Shimo la Kuchomewa

Hapo zamani za kale, Simba alipokuwa na boma lake na mafiga yake, na Ngiri akifagia mlango wake kila asubuhi, palikuwa na Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba kama mchi, na miguu mifupi isiyotulia. Kila kukicha alipanda mgongoni kwa Mama Ngiri akamtoa kupe, huku wanapiga soga. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Kupe aliwala Nguchiro, na umbea waliula wote wawili.

Siku moja akafika. Hodi, hodi! Watoto wa Ngiri wamekumbatiana mlangoni, wii, wii, wanalia.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Kachukuliwa na Simba! Kaenda kuchimba mizizi, Simba kamkamata, kamfunga kamba!"

"Ingieni ndani, msichungulie. Nakwenda kumleta."

Alisema hivyo, jamani, lakini njia alikuwa bado haijui. Atamleta vipi? Yeye, kwa Simba?

Akafuata nyayo mbio mbio mpaka uani kwa Simba. Moto umekokwa, unawaka bubububu. Mama Ngiri kafungwa kwenye mti, machozi na vumbi vimekuwa tope usoni. Na kando ya moto, Simba na shemeji yake Chui wanabishana, hata hodi hawaisikii.

Chui huyu ni ndugu wa mke wa Simba. Alitoka kwao milimani, kwenye migomba, kaja kusalimia. Dada mtu siku hiyo hakuwepo, alikwenda arusini.

"Shemeji, nyama ya ngiri ni chumvi na moto, basi!" Simba alikuwa anasema. "Unaitia kijiti, mafuta yanadondoka chwaa, chwaa, unageuza, unakula. Sisi wa mbugani ndivyo tulivyolelewa."

"Ndiyo maana mnakohoa. Nyie mnakula moshi!" Chui akajibu. "Kwetu nyama hii inavishwa nguo. Pilipili, ndimu, halafu unaifunga majani ya mgomba, mvuke unaingia taratibu. Ikiiva, mfupa unauchomoa kwa kucha mbili."

"Huo ni uji, si nyama. Chakula cha vibogoyo!"

"Nani kibogoyo?"

"Nani mla moshi?"

Hapo ndipo Simba akamwona Nguchiro. "We kijiti, unataka nini?"

"Shikamoo Bwana Simba. Shikamoo Mjomba Chui. Naomba moto, jiko langu limezimika."

"Marahaba. Chukua kaa lako uende, kabla sijakuchoma na wewe."

"Mimi? Hata pengo la jino sizibi!"

Chui akacheka kwa! kwa! kwa! Nguchiro kuona hivyo akajua kigoda ameshapewa. Akasogea, akanusa fnn, fnn.

"Hivi, wazee, huyu mnamchoma juu juu? Ngiri mnono hivi? Lo! Bibi yangu angeona angelia."

"Kwani kwenu mnachomaje?" Chui akauliza.

"Kwetu ng'ambo ya bonde anafukiwa. Unachimba shimo refu, unapanga mawe ya moto. Unamtia chumvi, kama asemavyo Bwana Simba. Unamvisha majani, kama asemavyo Mjomba. Udongo juu. Mnapiga soga mpaka jua linainama. Mkifukua, harufu yake inamwinua mgonjwa kitandani!"

Mate yakamchuruzika Simba mpaka kifuani.

"Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli," Chui akasema.

"Mimi zaidi," Simba akasema. "Haya, nani anachimba?"

Hapo sasa! Simba akamtazama Chui. Chui akatazama mawingu.

"Mimi shemeji hapa," Chui akasema. "Shemeji anashikishwa kazi ya udongo ugenini? Dada yangu akirudi akakuta kucha zangu hivi, utamwambia nini?"

"Na mimi mwenye boma nichimbe, mgeni ananitazama?"

"Msigombane, wazee wangu," Nguchiro akasema. "Achimbe mwenyewe. Kwetu ndivyo. Akichimba, mafuta yanatembea, yanaingia kwenye minofu. Asiyechimba anakuwa mkavu kama ngozi ya ngoma."

Mama Ngiri pale mtini akapiga kelele. "Nguchiro! Wewe niliyekubeba mgongoni! Leo wewe ndiye wa kuwafundisha kunipika?"

Maneno yale yalimchoma Nguchiro kuliko moto wa Simba. Lakini uso akaukaza. "Nyamaza! Kitoweo hakisemi! Ngojeni, wazee, nimpapase mafuta."

Akaruka mgongoni, akapapasa huku na huku, mpaka penye sikio. Akanong'ona. "Dada, nitakapoonyesha, chimba. Chini yake lipo shimo la yule Mhanga mla mchwa aliyehama, linatokea ng'ambo ya mto. Ardhi ikilia puu, umefika. Watoto wanakungoja."

Mama Ngiri akafumba mdomo. Sikio moja tu likacheza.

Nguchiro akazunguka ua, akigonga ardhi kwa mguu. Ti. Ti. Ti. Dum! "Hapa! Udongo wa hapa hautii nyama mchanga."

"Akikimbia je?" Chui akauliza.

"Akimbilie wapi, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni?" Simba akajibu, akakata kamba.

Mama Ngiri akapiga magoti, maana ngiri huchimba kwa magoti. Kwaruu! Kwaruu! Vumbi juu, mawe pembeni. Kichwa kikazama, mabega yakazama, mgongo ukazama. Chui huku anababua majani motoni. Simba anaponda chumvi, anaimba kidogo.

Mara, puu!

"Nini hicho?"

"Jiwe, Bwana Simba, jiwe limeanguka." Nguchiro akachungulia. Chini kuna tundu jeusi, upepo wa baridi unatoka. Ingia, dada! Ingia!

Lakini jamani! Mama Ngiri, badala ya kuingia, akapanda juu! Akatoka nje mzima mzima, akaanza kugeuka, pole pole, akalipa shimo makalio. Wajukuu zangu, ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, ili meno yake marefu yabaki mlangoni. Ndivyo alivyolelewa, na hata siku ile ya kuchomwa hakuweza kuacha.

"Mbona anageuka?" Simba akasimama.

"Ana... anajipima, Bwana Simba. Anaona kama atalala vizuri. Kwetu ni heshima ya mwisho."

"Kumbe!" Simba akakaa. "Kwenu mna ustaarabu."

Chui hakukaa. Akaja hatua kwa hatua. Makalio yamezama. Tumbo limezama. Yamebaki meno mawili yanang'aa.

"Shemeji! Shimo hili halina mwisho!" Akatia mkono amvute.

Kacha!

"Yalaaa! Mkono wangu!"

Simba akaruka kuelekea shimoni, akamvaa Chui, chumvi ikamwagika, majani yakaingia motoni. Nguchiro, fyuu, akapita chini ya tumbo la Chui, akateleza juu ya pua ya Mama Ngiri, akamshika shingo. "Rudi nyuma, dada! Rudi, rudi!"

Wakarudi kinyumenyume gizani, hatua kwa hatua, mpaka wakatokea ng'ambo ya mto, kwenye jua. Kwa mbali wakasikia:

"Wewe ndiye uliyekataa kuchimba!"

"Na wewe mwenye nyumba ulikuwa na kazi gani?"

"Kula chumvi yako!"

"Tafuna majani yako!"

Mama Ngiri akacheka mpaka akakaa chini, na akiwa anacheka machozi yakamtoka. "Mwenzangu, nilikusema vibaya."

"Ungenisema vizuri, Simba angetushtukia. Twende."

Walipofika, watoto walitoka wote pamoja, vikia juu, wakamwangusha mama yao, kila mmoja akatafuta ziwa lake. Kikabaki kimya cha kunyonya tu. Mama Ngiri akafumba macho. "Aaah," akasema, basi.

Na Nguchiro akajilaza palepale kwenye vumbi la moto, tumbo juu, akapumua, akapumua tena.

Hadithi yangu imefika nyumbani kwa hao watoto, na neno lake ni hili: wenye nguvu wakianza kubishana namna ya kukula, usilie tu, tega sikio, maana hapo ndipo mlango wako ulipo.