Mkamburi Aliyevunja Kiambaza cha Mamaye

Sogeeni, bega liguse bega, pasibaki pengo kati yenu, kwa maana habari hii ni chafu, na haifai kusikilizwa na watu waliokaa mbalimbali.

Zamani hizo, Maghanga alipanda kilima cha Ndighiri akiwa amebeba moto ndani ya chungu, naye ndiye aliyemzaa Ngeti, na Ngeti akamzaa Mwaluma, na Mwaluma akajaliwa na mkewe Mghoi watoto watatu: Mwadime, Kisombe, na kitinda mimba wao Mkamburi, Bega la Mwamba, binti ambaye hata kabla hajaolewa alimtoa fahali shimoni kwa kumbeba begani, watu wazima wakitazama midomo wazi. Akaolewa mbali, ng'ambo ya bonde, na kilima kikabaki na kaka zake.

Mwaluma akafa. Wanawe wakagawana urithi, na kugawana si dhambi, tunagawana nyama kila sikukuu na hatuchukiani. Lakini wale hawakugawana, walipasua. Jiwe la kusagia la nyanya yao walilipasua katikati, na hakuna kipande kilichoweza kusaga tena. Mtamba mmoja mwenye mimba alipobaki bila mwenzake wa kumlinganisha, walimchinja, wakamkata kuanzia shingoni hadi mkiani, na ndama aliyekuwa tumboni, mwenye manyoya tayari, naye wakamkata vipande viwili. Nasema haya nikitema mate.

Kisha wakatenga nchi. Wakapanda ukigo wa miiba, nyuma ya ukigo wakachimba handaki, nyuma ya handaki wakajenga ukuta wa mawe, na watoto wa kilima wakayajua maneno ukigo, handaki, ukuta na mpaka kabla hawajayajua majina ya binamu zao. Wakaapa kwa damu kwamba atakayeuvuka mpaka, kwa mguu wake au kwa mkuki wake, ukoo wake ufutike. Ukuta ukapita hata katikati ya chemchemi. Upande wa Kisombe maji yakakosa pa kutokea, yakageuka tope la vyura. Upande wa Mwadime yakakosa pa kuingilia, yakaota ukoga na funza. Na watu wa pande zote mbili wakanywa uozo ule, wakaharisha, wakazika watoto, na bado wakautii ukuta.

Nyumba ya Mghoi mama yao ilikuwa juu ya mpaka. Je, waliiacha? Walisimamisha kiambaza cha fito na udongo ndani yake, wakatoboa tundu chini kiasi cha kitanda kupita, kichwa cha mama kikalala kwa Mwadime na miguu yake kwa Kisombe. Wake wa Mwadime walimlisha. Mama alipopooza miguu na kushindwa kuinuka, Kisombe akatangaza, "Chakula kimetoka kwa Mwadime, basi uchafu wake ni wa Mwadime." Mwadime akajibu kutoka upande wake, "Uchafu uko kwa Kisombe, asafishe Kisombe." Kwa hiyo hakusafisha mtu.

Habari zikavuka bonde. Mkamburi akapanda kilima peke yake, akauona ukigo, akapita katikati ya miiba kama apitaye kwenye nyasi, akafika nyumbani kwa mamaye, na harufu ikamkuta mlangoni. Aliinua nguo, akaona vidonda vilivyoshikana na ngozi ya kitanda, na inzi waliokuwa wametaga ndani yake. Akatoka nje akatapika. Kisha akazungukia upande wa Mwadime, akapiga magoti kichwani pa mamaye.

"Mwanangu," Mghoi akasema, "uko upande gani?"

"Niko kwako, mama."

Bega la Mwamba akainuka, akakisukuma kiambaza kwa bega lile lile lililombeba fahali, kikapasuka, fito zikavunjika, dari ikalegea juu yao, naye akamtoa mamaye mikononi kama mtoto mchanga mpaka chemchemini. Lakini alipochota maji, mama akaugeuza uso. "Usinioshe kwa hayo. Afadhali ninuke uvundo wangu mwenyewe."

Mkamburi akamweka kwenye majani mabichi, akapanda juu ya ukuta wa chemchemi, akaanza kung'oa mawe. Kaka zake wakaja mbio, kila mmoja upande wake, na watu wao nyuma yao, na mikuki yao imeinuliwa.

"Shuka, Mkamburi! Unavunja mpaka!" akapaza sauti Mwadime.

"Nirushieni," akasema. "Mbona hamrushi?"

Wakasimama. Mwadime aliogopa kwamba akikosa, mkuki wake utaangukia kwa Kisombe na kiapo kitakuwa kimevunjwa. Kisombe naye aliogopa vivyo hivyo. Basi wakaanza kubishana, mama yao akiwa amelala uchi wa vidonda mbele yao, ni bega lipi la dada yao lililo upande wa nani.

Mkamburi akawatemea mate, mmoja kulia, mmoja kushoto. "Baba alidhani ameacha wana," akasema, "nyinyi ni funza mliobaki kwenye mzoga wake. Enyi watu wa Ndighiri, mnawatii hawa?"

Mke wa Kisombe ndiye aliyeanza. Aliweka chini mtungi wake, akaingia topeni, akashika jiwe. Kutoka upande wa pili akaingia mke wa Mwadime, na nyuma yao wakaja wengine, mpaka ukuta ukatikisika na maji yakaanza kupenya. Jiwe kubwa la juu likateleza likiwaelekea wanawake, na Mkamburi akalipokea kifuani, akalizuia hadi wote walipotoka, kisha likamlaza chali kwenye maji.

"Kaka," akaita, "linyanyueni."

Jiwe lilihitaji mtu huku na mtu kule. Mwadime akamtazama Kisombe. "Limeangukia kwako," akasema. "Lilitoka kwako," akajibu Kisombe. Watu waliwasukuma kando wote wawili, wakalinyanyua wenyewe, lakini kifua cha Mkamburi kilikuwa kimekwisha kupondeka. Alikufa maji yakimpita juu, maji meupe, na ukoga wote umekwenda na mkondo.

Kwa maji hayo wanawake walimwosha Mghoi, naye, akiegemezwa, akamwosha binti yake uso. Kisha akatamka: "Hawa wawili sikuwazaa." Wakafukuzwa, na wakatoka kwa njia tofauti.

Sisi ndio Wakamburi. Mgonjwa wetu huogeshwa na yeyote aliye karibu, na nyumba zetu hazina kiambaza ndani. Handaki lilifukiwa, ukigo ukachomwa, watu wakaoana bila kuulizana. Leo ukimuuliza yeyote kati yetu kama nyanya zake walikuwa wa Mwadime au wa Kisombe, atakuambia hajui, naye hatakuwa amekudanganya.