Zimwi Mla Kunde

Kaeni chini, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana sirudii.

Kando ya mto Joliba aliishi bibi Nyeleni, wa ukoo wa Jara. Siku moja Zimwi akaja na farasi na upanga, akanguruma, "Nchi hii ni yangu. Hameni." Watu wakakimbia. Nyeleni akajitwika mafiga yake matatu, akahama. Miaka ikapita, Zimwi akaja na bunduki. "Nchi hii ni yangu. Hameni." Akajitwika mafiga, akahama tena. Mara ya tatu Zimwi akaja na bendera.

"Nchi hii..."

"Nimeshasikia," akasema Nyeleni. Shingo ilimuuma, na kunde chunguni zilikuwa karibu kuiva. "Wewe ni wa ukoo gani?"

Zimwi akababaika. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Tarawele."

"Tarawele? Watani wetu? Mla kunde mkubwa wewe, umenihamisha mara mbili, na leo unataka ya tatu?"

Sasa, kwa watu wale "mla kunde" ni tusi la utani, na mtani akikutukana huruhusiwi kukasirika, sembuse kumdhuru. Upanga ukayeyuka, bunduki ikayeyuka, bendera ikawa kitambaa cha kuepulia chungu. Zimwi akanywea, akanywea, akanywea, akabaki kizee mwenye njaa.

"Hata mimi nilifukuzwa kwetu," akanung'unika.

"Aliyekufukuza ulimuuliza ukoo wake?"

"Nilikimbia."

Nyeleni akashusha pumzi, akampakulia kunde.

"Kula ushibe. Kesho utarudi ukamuulize."

Chungu kimeepuliwa, na hadithi nimeitua.