Simu ya Chui Iliyosema Wapo

Paukwa.

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mawili mawili.

Na simu zenu?

Tumezizima.

Basi tegeni yale mawili, kwa maana ninayoyasema siyarudii.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwani betri zilikuwapo, palikuwa na jabali, na katika nyufa za jabali hilo waliishi pimbi. Pimbi unamjua: mdogo kama sungura, masikio mafupi, mkia hana. Nyumba zao zilikuwa saba. Shangazi yangu husema sita. Mimi nashika saba, kwa sababu nyumba ya saba ndiyo yenye habari hii.

Kwa pimbi hawa, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake. Asipopewa, hulia mchana na usiku mpaka apewe, kwa maana babu anadai jina lake. Na babu wa nyumba zote saba alikuwa mmoja, marehemu Mabula. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ilikuwa na Mabula, nyumba ya pili Mabula, nyumba ya tatu Mabula, mpaka ya saba, ambako Nyanzobe, mkamwana mdogo kuliko wote, naye alimzaa Mabula. Ukiita "Mabula" pale jabalini, vichwa saba hutokeza.

Chini ya jabali aliishi Chui. Chui alikuwa na nguvu, na alikuwa na njaa, na zaidi ya hayo alikuwa mvivu. Kila akinyata, mlinzi wa pimbi alipiga ukelele, kwiii, na pimbi wote wakaingia nyufani, chubwi, kama mawe majini. Chui akabaki analamba mwamba.

Siku moja Chui akaenda mjini. Akarudi na simu janja mkononi na boksi kwapani. Ndani ya boksi mlikuwa na kengele saba ndogo, za kufungwa shingoni, za kuungana na simu kwa bluutuu. Akalitupa boksi na karatasi yake ya maelezo. Kisha akaenda kulala katikati ya njia pekee ya pimbi ya kwenda mtoni. Akalala siku ya kwanza. Akalala siku ya pili. Siku ya tatu watoto wa pimbi walikuwa wanalamba umande, na umande umekwisha.

"Mtakunywa," Chui akasema, "kila nyumba ikimvisha Mabula wake kengele yangu. Mwezi ukiandama, nakula mmoja. Mwezi mwingine ukiandama, nakula mwingine. Na msifikirie kutoroka. Simu itaniambia nani yupo na nani hayupo. Asipokuwapo mtoto, nakula nyumba nzima."

Pimbi wakashika vinywa. Lakini kiu haina mjadala. Kengele zikafungwa, ka, ka, ka, mara saba, na kila kengele ikaandikishwa jina la aliyeivaa. Meno ya pimbi yakajaribu kufungua vifungo vile, yakashindwa.

Tangu hapo kila asubuhi Chui alikaa chini ya jabali, akaisoma simu kwa sauti ili wote wasikie.

"Mabula, imeunganishwa. Mabula, imeunganishwa. Mabula, imeunganishwa."

Akisoma mara saba, anapiga miayo, anarudi kulala. Usingizi wake ulikuwa mzuri sana.

Asubuhi ya siku ambayo jioni yake mwezi ungeandama, Nyanzobe alisimama juu ya mwamba akisikiliza. Chui alikuwa amekwisha kutangaza ataanza na nyumba ya saba, kwa kuwa wa mwisho kuzaliwa ni laini. Nyanzobe hakuwa amelala. Chui akasoma. Mabula, imeunganishwa. Nyanzobe akahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Nyanzobe akapigwa na butwaa. Mabula wake hakuwapo. Alikuwa ng'ambo ya mto, mbali kabisa, amekwenda alfajiri kula majani bila kuaga. Alimwona kwa macho yake, kidoa cheusi kwenye ukingo wa pili. Na simu inasema yupo.

Akamwendea mama mkwe wake. "Mama, simu ya Chui inasema uongo."

Mama mkwe akakaa chini. "Simu inaweza kusema uongo?"

"Imesema sasa hivi."

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Watoroke wote saba, simu iendelee kusema wapo."

"Watatoroka na kengele shingoni, mama. Siku moja simu itasema kweli, naye atawafuata mpaka walipo." Nyanzobe akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ile ya maelezo, aliyoitupa Chui. "Nimeisoma yote. Inasema kifungo cha kengele hufunguka simu ikiisahau kengele. Nakwenda kumwambia."

"Kumwambia nani?"

"Chui."

"Kumwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba simu yake mbovu."

Mama mkwe akamgusa shingo. "Una homa wewe."

Nyanzobe akamnong'oneza la kufanya kengele zikifunguka, akashuka. Akasimama mbele ya Chui, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono wake.

"Shikamoo mheshimiwa. Simu yako inakudanganya."

Chui akafumbua jicho moja. "Simu yangu ni mpya."

"Mpya, ndiyo. Tazama ng'ambo ya mto."

Chui akatazama ng'ambo. Akatazama simu. Akatazama ng'ambo. Yule kule ni Mabula, anatafuna. Humu ndani ni Mabula, imeunganishwa. Macho yakamtoka, taya likamwanguka, nzi akaingia kinywani akatoka, na Chui hajafunga mdomo.

"Lakini hayupo," akasema.

"Hayupo, mheshimiwa."

"Lakini imeandika yupo."

"Imeandika."

"Sasa siku zote hizi nimelala nikiangalia nini?"

"Maandishi, mheshimiwa."

Chui akaitikisa simu. "Nani anajua kulitengeneza jambo hili?"

"Mimi najua kidogo. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha ufundi simu."

"Tengeneza. Ukimaliza, nitakula wewe wa mwisho."

"Ahsante, mheshimiwa. Zima bluutuu, kisha iwashe."

Chui akazima. Chui akawasha. Mli-li-li. Simu ikasema: Mabula, imeunganishwa.

Wakatazama ng'ambo. Mabula anatafuna.

"Lakini hayupo," Chui akasema.

"Hayupo. Sasa zima simu yenyewe, hesabu ishirini, iwashe."

Chui akazima. Akahesabu. Kumi na tatu akairuka, Nyanzobe akamrudisha, akaanza upya. Akawasha. Mli-li-li. Simu ikasema: Mabula, imeunganishwa.

Wakatazama ng'ambo. Mabula amelala chali.

"Hii simu haina haya," Chui akasema kwa sauti ndogo.

"Limebaki moja. Kengele inayodanganya inasahauliwa, kisha inaunganishwa upya. Lakini kifaa hakiunganishwi kikiwa mbali." Nyanzobe akapiga mbinja. Mabula akavuka mto kwenye mawe, akapanda jabalini kwa wenzake, amelowa mpaka masikio. "Sasa, mheshimiwa, bonyeza jina lake, halafu bonyeza Sahau."

Chui akanyoosha ukucha. Ukucha ukasimama hewani.

"Yupi?"

"Mabula."

"Wote Mabula."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wa kwanza Mabula, wa pili Mabula, wa tatu Mabula. Nyinyi hamna majina mengine?"

"Tutoe wapi? Babu ni mmoja."

Chui akainamia kioo mpaka pua ikakigusa. "Nikimsahau asiye mwongo, je?"

"Mwongo atabaki, na utaendelea kula maandishi."

Tumbo la Chui likanguruma. "Basi nasahau wote. Watarudi?"

"Unazisahau, unabonyeza Tafuta, zinaingia upya, safi. Imeandikwa kwenye karatasi."

"Ipo karatasi?"

"Uliitupa, mheshimiwa."

Chui akabonyeza Sahau. Juu jabalini kikasikika kitu: ka.

"Nini hicho?"

"Simu inasafisha koo."

Akabonyeza Sahau. Ka. Akabonyeza Sahau. Ka. Mara saba, na mara saba shingo ya Mabula mmoja ikabaki tupu. Juu kule pimbi wakatazamana. Mabula wa nyumba ya tatu akajishika shingo kwa mikono miwili kama aliyepoteza kichwa. Mama mkwe ndiye aliyeamka kwanza. Akazikusanya kengele, akazijaza majani ndani zisilie, akazifunga kwenye nyasi, akaziteremsha taratibu nyuma ya Chui.

"Sasa bonyeza Tafuta," Nyanzobe akasema. "Na uinue mkia."

"Mkia wa nini?"

"Eriali. Mawimbi yanapita juu leo, kuna mawingu. Unyooshe juu, usiutikise, na macho yasitoke kwenye kioo."

Chui akainua mkia. Akashika simu kwa mikono miwili, ulimi nje. Nyanzobe akazunguka nyuma. Akaifunga ya kwanza mkiani. Ka.

"Inasafisha koo tena," Chui akasema mwenyewe.

"Umeanza kuielewa."

Ka. Ka. Ka. Ka. Ka. Ka. Mli-li-li. Mabula, imeunganishwa. Mabula, imeunganishwa. Majina saba, na safari hii yote ya kweli.

"Imepona?" Chui akauliza.

"Imepona, mheshimiwa. Kuanzia sasa haitakudanganya."

"Imeandika wako karibu kuliko jana. Wako hapa hapa."

"Hapa hapa."

Chui hakungoja mwezi. Akaruka juu ya jabali, na majani yakadondoka, na kengele zikalia, ti-ti-ti-ti. Mlinzi akapiga kwiii. Pimbi wote, na Nyanzobe kule chini, nyufani, chubwi. Chui akafika juu. Hakuna mtu. Akatazama simu. Mabula, imeunganishwa, hatua moja. Akasikiliza. Ti-ti-ti, nyuma yake. Akageuka. Hakuna mtu. Ti-ti-ti, nyuma yake tena. Akageuka tena. Akageuka mpaka jabali likamzunguka, akaanguka kwa ubavu, na simu bado inasema wapo, wote saba, hatua moja.

Akalala hapo, macho yamemtoka. "Nawasikia," akasema. "Simu inawaona. Mimi siwaoni."

Tangu siku hiyo hakukamata kitu. Swala walimsikia akiwa bonde la pili. Hata kobe alimpisha bila haraka. Akakonda mpaka madoa yake yakagusana.

Ilipopita miezi miwili, Nyanzobe akamwonea huruma, au pengine kengele zilimchosha. Akatoa pua ufani.

"Mheshimiwa, hizo kengele ziko mkiani mwako. Bonyeza Sahau, zitafunguka, uende ukawinde pengine."

Chui akaikumbatia simu kifuani.

"Nisahau?" akasema. "Saba? Na wote wameunganishwa?"

Akashuka taratibu, ti-ti-ti, akiinusa hewa.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni hili: simu yenu ikisema uongo, msiitengeneze. Ilipokuwa ikimdanganya, Chui alilala usingizi mzuri kila siku. Ilipomwambia kweli, hakulala tena. Na mgeni mdogo akija kukuambia ukweli, mle kwanza, kisha msikilize.

Nami ngano yangu naiacha hapa juu ya jiwe. Mwenye njaa aichukue, aliyeshiba ampelekee jirani.