Shahidi wa Baridi

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakiingoja mvua bila ya kuipangia siku, palikuwa na Sultani jina lake Ngwali, akitawala mji wa Magogeni. Sultani huyo alikuwa na mnajimu aliyehesabu siku za mwaka kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na kila ilipotimia siku ya mia na thelathini, mnajimu hupanda jumbani akasema, "Joto limeingia." Basi hapo hupigwa mbiu, mablanketi yakafungwa makashani na moto wa makaa ukakatazwa ndani ya nyumba, maana kaskazi, upepo wa msimu huo wa joto, ni kavu, na makuti hayana subira na cheche.

Ni desturi njema, wallahi, ila mwaka mmoja kaskazi yenyewe haikuja. Siku ya mia na thelathini ilitimia mbingu zimejifunika mawingu, manyunyu hayakatiki, na upepo wa baridi unapenya hata kwenye ufa wa mlango. Mnajimu akatazama hesabu yake, dirishani hakutazama, akasema, "Joto limeingia." Ikapigwa mbiu kwamba Sultani amesema ni joto, na atakayeonekana akitetemeka amemkadhibisha Sultani, naye atachapwa bakora kumi na mbili. He! Watu wakatoka na kanzu za melimeli nyepesi, midomo imewapauka, wakisalimiana njiani, "Joto la mwaka huu kali, bwana." "Kali mno, hata usingizi sipati."

Katika mji huo alikuwako msuka vipepeo vya ukindu, fukara wa kutupwa, jina lake Vuai. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa alisema alionalo. Siku hizo biashara yake ilichangamka kidogo, maana kila mwenye kuogopa bakora alinunua kipepeo, akawa anajipepea huku meno yanamgongana. Lakini Vuai hakuwa na furaha. Mkewe Mize alikuwa amejifungua, yumo katika siku ya tisa ya arobaini yake, na askari walikuwa wameingia chumbani wakatoa chungu cha makaa chini ya kitanda cha mzazi. Usiku huo mtoto alipoa, na asubuhi akakataa ziwa.

Mize akasema huku analia, "Mume wangu, mguse miguu, imekuwa kama maji ya mtungini. Mwanangu ananifia mikononi. Nenda kaseme."

"Nikaseme kwa nani?"

"Kwa mwenye joto lake!"

Basi Vuai akaenda jumbani, akapiga magoti, akaomba arudishiwe moto kwa sababu ya baridi. Wakuu wote wakashika vinywa. Sultani akatabasamu, akanena, "Ewe Vuai, mimi si dhalimu. Niletee shahidi mmoja, mtu mkubwa asiyeweza kukadhibishwa, aseme mbele ya baraza hili kwamba kuna baridi. Akisema, moto utarudi kila nyumba. Nawe ukimkosa hadi adhuhuri ya leo, bakora ni zako."

Vuai akazunguka mji mzima. Alimkuta kadhi amejiviringisha misala miwili, akamwomba ushahidi. Kadhi akajibu, "Baridi? Mimi hapa nakausha jasho." Tajiri wa mtaa wa pili hakufungua hata mlango, alikohoa tu kwa ndani. Ikawa hapana mtu.

Adhuhuri ilipokaribia, Vuai akarudi jumbani amebeba kipepeo kikubwa kama jamvi, na mtungi wa maji uliolala nje.

Sultani akauliza, "Yuko wapi shahidi wako?"

"Hayuko mbali, bwana wangu. Lakini mimi mtumwa wako nitakaaje bure, nawe unateseka na joto hili? Nipe ruhusa nikupepee."

Sultani akamtazama waziri, waziri akamtazama mnajimu, mnajimu akatazama sakafu. Kukataa kulikuwa hakuwezekani. "Pepea," akasema Sultani, kwa sauti ndogo.

Vuai akapepea. Alipepea kwa mikono miwili, upepo ukaingia kwenye kola ya melimeli ukatokea chini.

"Mashallah, raha iliyoje!" akasema waziri, ambaye hakuwa akipepewa.

"Bwana wangu, naona unatetemeka," akanena Vuai.

"Ni hasira!"

"Lo! Na hasira nayo huzidisha joto." Akachota kata ya maji ya mtungini, akammiminia Sultani shingoni, taratibu, kwa adabu zote.

Sultani akaruka kitini. "Ala! Baridi! Baridi, mwanaharamu we! Nipeni bushuti langu, nakufa kwa baridi!"

Vuai akaweka kata chini, akainama. "Bwana wangu, shahidi amesema. Naye ni mtu mkubwa, wala hapana awezaye kumkadhibisha."

Sultani akajifunika bushuti hadi masikioni, akamkazia macho Vuai, kisha kicheko kikamtoka, akacheka hata machozi. Akaamuru moto urudi kila nyumba, na Vuai apewe gunia mbili za makaa. Vuai hakungoja kushukuru mara ya pili. Alijitwika moja, nyingine akaiacha papo hapo, akakimbia. Na alasiri haijaingia, mtoto alikuwa ameshapata moto mwilini, ananyonya kwa fujo, na Mize anacheka na kulia kwa pamoja.

Huku nyuma jumbani, waziri alichomoa blanketi chini ya mto aliokalia. Wakuu wengine nao kila mmoja akatoa lake, na mnajimu akasema ameona kosa dogo katika hesabu. Sultani akaacha kucheka.

"Waziri," akauliza, "baridi hii wewe umeisikia tangu lini?"

"Tangu ulipoisikia wewe, bwana wangu."

Sultani akajikunyata ndani ya bushuti lake. Hivi ndivyo nilivyoyapokea, nami nimeyatua. Mwenye baridi na ajifunike, asingoje kupigiwa mbiu.