Chungu cha Maziwa ya Diwali

Imepokewa kutoka kwa wazee wa Pangani, nao waliipokea kwa wazee wao, ya kwamba katika mji ule aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Bi Mwanamkuu. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimwachia ng'ombe watatu na watoto wanne. Maziwa ndiyo yaliyowalisha.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Jivraj, Mhindu aliyepika vitu vitamu vya maziwa. Ilipokaribia Diwali, sikukuu yao ya taa, Jivraj alitaka maziwa maradufu. Aliyachemsha katika karai pana, akiyakoroga bila kupumzika tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka yakakauka na kuwa donge zito waliloliita mawa. Donge hilo alilikanda kwa sukari na iliki, akalifinyanga vidonge bapa vya penda. Vya kwanza vilipelekwa hekaluni kabla ya mtu yeyote kula.

Na desturi yao ilikuwa kwamba kitu ambacho hakijawekwa mbele ya miungu yao hakionjwi, hata na mpishi. Sukari ikimganda Jivraj kidoleni, alinawa, hakulamba. Basi kwa kuwa hakuweza kuonja, aliuliza. Kila alipopokea maziwa, alimwuliza Bi Mwanamkuu kama vyombo ni safi, yaani havijapikiwa nyama, ambayo kwao ni mwiko, naye alimjibu kuwa ni safi. Wakaendelea hivyo miaka saba.

Mwaka wa nane maziwa yalizidi vyombo. Bi Mwanamkuu akaingia jikoni kwa wifi yake Somoe, aliyekaa naye ua mmoja, akachukua chungu kilichofunikwa kando ya ukuta. Walizoea kuazimana. Akakinusa, akakiona kimesuguliwa vizuri, akakijaza maziwa na kuyapeleka. Jivraj akauliza swali lake, akajibiwa jibu lake, na maziwa yote yakamiminwa katika karai moja.

Mchana aliporudisha chungu, Somoe alifurahi kukiona. Akasema ndicho anachokitegemea kwa supu ya ng'ombe, na kwamba kwenye hitima ya juzi kilijaa mpaka mdomoni.

Bi Mwanamkuu akakaa chini.

Somoe alipoelezwa, alicheka. Alisema chungu alikisugua kwa majivu na ndimu, nyama gani tena iliyobaki humo? Bi Mwanamkuu akamjibu kwamba udongo hunywa mafuta, na kila mpishi anajua. Hapo Somoe akaacha kucheka.

"Wifi, yule haonji. Nani atamwambia? Na vyenyewe vinapelekwa kwa masanamu. Wewe Mwislamu yakuhusu nini?"

Bi Mwanamkuu aliinuka. Alitawadha, akasali adhuhuri, na alipotoa salamu hakukumbuka alichosoma. Akawaza watoto wake wanne. Akawaza kwamba Pangani nzima hakuna mwingine anayenunua maziwa mengi kiasi kile. Kisha akajifunga buibui.

"Sikumwuzia sanamu," alimwambia wifi yake. "Nilimwuzia Jivraj. Aliniuliza, nikamjibu."

Alimkuta Jivraj kifua wazi mbele ya karai, jasho linamtiririka, mawa imekaribia kukauka. Mkewe Jamna alikuwa akitwanga iliki. Bi Mwanamkuu aliyasema yote akiwa amesimama, bila kumtaja Somoe, kwa sababu aliyechukua chungu bila kuuliza ni yeye.

Jivraj akaacha kukoroga. Katika kazi ile mpishi haachi kukoroga, na harufu ya kuungua ikapanda mara moja. Jamna akasema maneno makali: kwamba walimwamini miaka saba, na kwamba asikanyage tena pale.  Jivraj akaliepua karai.

Mawa ile haikumwagwa. Jamna aliwaita watoto wa jirani wasio na mwiko nayo wakaikomba, na waliofaidi zaidi ni watoto wa Somoe.

Magharibi Bi Mwanamkuu alirudi na maziwa ya jioni, machache, ndani ya kibuyu chake mwenyewe. Akakiweka kizingitini kwa Jivraj bila kudai malipo, akaondoka. Mwaka ule Wahindu wa Pangani walipeleka hekaluni sahani moja ya penda pale ilipozoeleka kupelekwa sinia.

Sikukuu ikapita. Jivraj hakuagiza maziwa siku ya kwanza, wala ya pili, wala wiki nzima. Bi Mwanamkuu akagandisha mtindi, akauuza kwa vikombe mlangoni. Watoto walilala na uji. Somoe hakumcheka, alileta unga, akautua, akaenda zake. Naye Bi Mwanamkuu hakwenda kumbembeleza Jivraj, wala hakumlaumu.

Siku ya tisa Jivraj alikuja mwenyewe, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na penda kumi na mbili.

"Mama, hizi hazikufika hekaluni," alisema. "Najua tukishaziweka mbele ya miungu yetu, nyinyi hamli. Nimewasha moto mwingine, nikazipika kando. Wape watoto bila wasiwasi."

Bi Mwanamkuu akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akamwuliza kesho anataka maziwa kiasi gani. Jivraj akasema kama zamani.

Asubuhi yake Jivraj alipokea maziwa na hakuuliza swali lake. Hakuliuliza tena maisha yake yote. Lakini Bi Mwanamkuu kila asubuhi, kabla ya kumimina, alimwambia, "Vyombo ni safi, Jivraj."

Wengi wetu tungemsikiliza Somoe, tena si kwa ubaya, bali kwa uchovu, na kwa sababu watoto wanataka kula. Bi Mwanamkuu naye alikuwa amechoka, na watoto wake walikuwa wanne. Amana haiangalii dini ya mwenyewe. Ina Mola anayeiuliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli mapema, kabla mawa haijakauka.